Muungurumo Uliponyooka

Siku ile treni ya mizigo ilikuwa imekufa stesheni tangu asubuhi, na hilo ndilo lililowafanya watu wa ng'ambo ya mto wajione wako salama.

Ieleweke kwanza jinsi wanavyoishi pale. Stesheni ya Kisaki, soko na shule viko upande mmoja wa mto. Upande wa pili kuna nyumba chache za wakulima wa mpunga na ufuta, na katikati ni maji yanayoshuka kutoka Uluguru. Zamani palikuwa na kivuko cha miti. Masika moja maji yakakizoa chote, na hakijarudishwa. Anayetaka kuvuka bila kuvunja amri azunguke mbali porini, ambako tembo wanapita saa wanayotaka wao. Lililobaki ni daraja la reli, refu, jembamba, la njia moja tu. Unakanyaga taruma baada ya taruma, vile vipande vilivyolazwa chini ya reli, na kwenye nafasi ya katikati unayaona maji yanakimbia chini ya miguu yako. Kibao cha kukataza kipo. Watu wanapita chini ya kibao.

Wanapita kwa utaratibu wao. Unainama, unaweka kiganja juu ya reli, ikitetemeka unangoja. Isipotetemeka unatega sikio, halafu unakwenda haraka bila kukimbia. Lakini treni ikifa stesheni hakuna anayeinama. Reli ni moja, treni iliyokufa imeiziba, basi njia nzima imekufa nayo. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakifikiri, wakubwa kwa wadogo, na siku ya namna hiyo watu huvuka na baiskeli, na magunia, na mbuzi wa kamba, wanasimama katikati kabisa kupiga soga.

Mosi peke yake hakulizoea daraja lile. Alizaliwa juu mlimani, Kinole, kwenye migomba na mdalasini, ambako kitu kikubwa kinachopita karibu na mtu ni ukungu. Ndoa ndiyo iliyomshusha bondeni. Mumewe alikuwa kule Mtibwa kwenye mashamba ya miwa, anarudi msimu ukiisha, na nyumbani alibaki yeye na binti yake Sabra, wa kidato cha tatu. Kila mchana Mosi alikuwa anaacha kazi anayofanya, anakwenda kusimama kwenye ncha ya daraja, na akiwaona watoto wanakuja anaanza kupunga mkono. Harakeni. Shikeni wadogo. Msichungulie chini. Jirani yake Mwanvita, mama wa Nasibu, alimpa jina: Mama Bendera. Jina likashika mpaka sokoni.

Wiki mbili kabla ya siku ile alikuwa amejiaibisha, akamwaibisha na mtoto. Alisikia mngurumo, akapiga kelele kwamba treni inakuja, watoto wakageuka mbio katikati ya daraja, Sabra akajikwaa na sketi ikapasuka mbele ya wanafunzi wenzake. Kumbe ilikuwa ndege ndogo inayopeleka watalii mbugani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Sabra hakucheka. Walipofika nyumbani ndipo alipokaa kwenye kizingiti akiishona ile sketi, akamwambia mama yake bila kuinua macho:

"Mama, nakuomba usije tena darajani. Mimi ni mkubwa. Unapunga, unapunga, mpaka hatujui lini ni kweli."

Mosi akaahidi. Maneno yale ya mwisho yalimwingia kama mwiba wa samaki, hakuweza kuyameza wala kuyatoa.

Walipopatana tena ilikuwa kwa sababu ya chupa. Jumapili moja mchana Sabra alikuwa anajisomea, akachukua chupa mbili tupu za soda, akatia maji humu, akatia maji humu, karibu sawa lakini si sawa. Akapuliza moja kwenye mdomo wake, ikatoa sauti nene. Akapuliza ya pili, ikatoa sauti ileile, au Mosi aliona ni ileile. Kisha akampa mama yake moja, akamwambia apulize naye kwa pamoja, asikatishe.

Wakapuliza. Mosi nusura aangushe chupa. Zile sauti mbili zilizokuwa zimenyooka kila moja peke yake, zilipokutana zikaanza kuyumba. Wuu, wuu, wuu. Sauti inajaa, inafifia, inajaa, kama kuna mtu wa tatu chumbani anayefungua na kufunga mlango.

Akauliza nani anafanya vile. Sabra akamwambia hakuna mtu, ni chupa zenyewe. Kwamba sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa, mara nyingi sana katika sekunde moja, na chupa moja inasukuma mara nyingi kidogo kuliko mwenzake. Mosi akafikiri, akasema basi ni kama yeye na Mama Nasibu wanapotwanga, kila mmoja na kinu chake. Mmoja ana kasi kidogo. Kuna wakati michi yote miwili inashuka pamoja, kishindo kinakuwa kimoja kikubwa. Halafu yule mwepesi anatangulia, anatangulia, mpaka mmoja anashusha wakati mwenzake anainua. Halafu wanakutana tena.

"Hivyo hivyo, Mama," Sabra akasema, na furaha ilimjaa usoni. "Ila kwenye sauti, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, zinauana. Zikisukuma pamoja, unasikia nguvu ya mbili. Huko kuyumba ndiyo tofauti yao. Zikikaribiana sana, kunakwenda polepole. Sauti moja peke yake haiwezi kuyumba hivyo."

Mosi akapenda mchezo. Akapuliza tena, safari hii kwa nguvu zake zote, na kuyumba kukapotea. Ilisikika chupa yake tu, imenyooka. Akashangaa, akatazama kama mwenzake ameacha. Sabra alikuwa bado anapuliza, mashavu yamevimba.

"Umenimeza," binti akasema akicheka. "Nipo, ila sisikiki."

Basi.

Siku ile yenyewe ilikuwa mwishoni mwa masika. Bondeni jua kali, lakini juu Uluguru kulikuwa kweusi tangu alfajiri, na maji ya huko yalikuwa yameshafika: mto umejaa rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo, unavuma. Wanawake walikuwa wameanika mpunga kwenye maturubai chini ya tuta la reli, kwa sababu ndipo mahali pakavu. Mosi anageuza mpunga kwa mguu, Mwanvita anafukuza kuku. Mzee Mwinjuma alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu yao, anachonga mpini wa jembe. Huyu mzee alikuwa amefanya kibarua cha kufyeka majani kando ya reli miaka mingi, na jambo lolote la treni aliulizwa yeye.

Ng'ambo, kule stesheni, injini ya ile treni iliyokufa ilikuwa inaunguruma. Haikuzimwa. Mzee Mwinjuma alishawaeleza asubuhi kwamba injini ni nzima, breki za mabehewa ndizo zilizogoma, dereva hataki kuizima asije akashindwa kuiwasha. Muungurumo ule ulikuwa mzito, umenyooka, unapita juu ya kelele za mto na kutulia kifuani mwa mtu. Baada ya saa kadhaa hakuna aliyeusikia tena. Kuku walilala. Mwanvita alikuwa anapiga hadithi ya harusi ya Gairo ambako pilau liliisha kabla ya bwana harusi kufika.

Watoto walikuwa karibu kutoka shule. Mosi alijua bila kuuliza. Alijizuia asitazame daraja, aliahidi.

Ndipo muungurumo ukayumba.

Ulianza kidogo, kama upepo umepita kati. Mosi akasimama, mguu mmoja juu ya mpunga. Akafikiri ni mto. Ukayumba tena. Ulijaa, ukafifia, ukajaa, ukafifia, kwa mwendo uleule usiobadilika. Wuu. Wuu. Wuu.

Akauliza kama wenzake wanasikia. Mwanvita akasema anasikia nini, Mama Bendera, ndege ya Wazungu? Mzee Mwinjuma akainua kichwa, akasikiliza kwa heshima zote za mtu anayejua, akasema injini inavuta hewa kwenye mafuta. Inataka kuzima. Mafundi wanaihangaikia, ikishiba itatulia.

Maelezo yale yalikuwa mazuri. Mosi aliyataka. Akageuza mpunga mara mbili, mara tatu, na kila mguu wake ulipopita, ule wuu, wuu ulikuwa unamfuata. Sauti moja peke yake haiwezi kuyumba hivyo. Aliliona kabisa shavu la Sabra limevimba juu ya chupa.

Honi ikalia. Mbali, nene, ikagonga kilima na kurudi. Kwa namna kilima kile kinavyorusha sauti, huwezi kusema imetoka stesheni au imetoka huku nyuma ya nyumba, ambako reli inapita katikati ya kilima kilichokatwa kisha inapinda, huoni kinachokuja mpaka kiwe kimeshafika.

"Huyo anamwita utingo wake," Mzee Mwinjuma akasema. "Amekwenda kunywa chai kwa mama lishe, amenogewa."

Mwanvita akacheka. Mosi hakucheka. Aliacha mpunga, akamgeukia mzee.

"Mzee wangu," akasema, "pale stesheni kuna injini ngapi?"

"Moja."

"Na treni ikifa namna ile, inaondokaje?"

"Inaletewa injini nyingine ije iivute. Ndiyo kazi yake."

"Hiyo nyingine inapita njia gani?"

Mzee Mwinjuma alifungua kinywa. Mpini ulikuwa mkononi, kisu kimesimama juu ya mti. Akatazama stesheni, akageuza shingo taratibu kutazama kule kwenye kilima kilichokatwa.

Na wakati huohuo kuyumba kukaanza kuondoka. Ule wuu ulipungua kina, ukawa mwepesi, ukawa kama kovu tu juu ya sauti, kisha muungurumo ukanyooka, mzito kuliko mwanzo.

"Si hiyo, imetulia," Mwanvita akasema. "Wameitengeneza. Mama Sabra, na wewe utakufa kwa presha bure."

Wote wawili wakashusha mabega. Ndiyo sababu jambo hili lazima lisemwe na lirudiwe: wakati wa hatari yenyewe ulikuja na sura ya nafuu. Mosi peke yake ndiye aliyeinua mabega. Kuna injini iliyomezwa. Ile ya stesheni ipo palepale, ila haisikiki, kwa sababu kuna nyingine iko karibu zaidi, na inazidi kukaribia.

Alikimbia. Hakuaga, hakueleza. Alipanda tuta kwa mikono na miguu, kokoto zinaporomoka, kandambili moja ikabaki chini. Alipofika juu akatazama daraja.

Watoto walikuwa wameshafika katikati. Sabra mbele, mrefu, mkoba begani. Nyuma yake wadogo wa shule ya msingi wamefuatana kama bata, wengine wanaruka taruma moja moja, Nasibu wa Mwanvita wa mwisho, ameinama anatupa vijiti majini. Hakuna aliyeshika reli. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kushika reli. Treni si imekufa? Na pale walipokuwa, juu ya mto uliojaa, wasingesikia chochote zaidi ya maji.

Mosi akapunga mkono. Akapiga kelele mpaka koo likawaka, lakini mto uliichukua sauti ukaenda nayo. Sabra akainua macho akamwona. Mosi aliona hata kwa mbali jinsi uso ule ulivyobadilika, na haikuwa hofu. Ilikuwa ni ile aibu ya kwenye kizingiti. Binti aligeuza uso pembeni na kuongeza mwendo, kuja mbele, kwenda kule injini inakotokea. Aliona mama amevunja ahadi, basi.

Unapunga, unapunga, mpaka hatujui lini ni kweli.

Mkono wa Mosi ukaanguka wenyewe. Alielewa kwamba angeweza kupunga mpaka bega litoke, isingesaidia, kwa sababu alishapunga siku nyingi sana ambazo hakukuwa na kitu. Yale mapenzi yake yote yalikuwa yamekwisha thamani pale darajani. Nyuma yake reli ilianza kuimba, ule mwimbo mwembamba wa chuma, na aliusikia kwenye nyayo ya mguu usio na kandambili.

Mguu wake ulisikia. Basi na wao wangesikia, kama wangekuwa na sababu ya kusikiliza.

Alipiga magoti, akachukua kokoto kubwa la reli kwa mikono miwili, akagonga. Kwanza aligonga ovyo, kama mtu anayevunja kitu. Sabra hakusimama. Mosi akavuta pumzi. Akagonga polepole kidogo, halafu kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi, halafu akashuka, akashuka, mpaka kokoto likawa linagusa tu. Akapanda tena. Akashuka. Kujaa na kufifia. Kujaa na kufifia. Mwendo hakuuacha, kama anavyoshika mwendo wa mchi mtu aliyetwanga maisha yake yote. Zile chupa mbili alikuwa anazipiga kwenye chuma, kwa jiwe.

Reli na mataruma ya daraja vilibeba kile ambacho koo lake lilishindwa kukibeba.

Sabra alisimama. Akatazama miguu yake. Mosi alimwona anainama, anaweka kiganja juu ya reli, anakaa hivyo kwa muda ambao kwa mama ulikuwa mrefu kama mimba. Kisha binti akainua kichwa, safari hii uso mwingine kabisa, akageukia stesheni alikotoka, akageukia kilima kilichokatwa. Akaelewa injini ni mbili.

Kwenye daraja lile kuna vijukwaa vya chuma vilivyotokeza pembeni, vidogo, vya mafundi kujibanza. Watoto huviita vibaraza, hukaa hapo kula mabungo. Kimoja kilikuwa hatua chache mbele ya Sabra. Mosi alimwona akiwashika wawili kwa mpigo na kuwasukuma, anarudi, anamvuta mwingine kwa kola, anampakata mdogo kama gunia. Nasibu alikuwa bado nyuma na vijiti vyake. Sabra akamrudia. Akaenda mbali na kibaraza, juu ya mataruma, mbio, kitu ambacho mama yake alimkataza tangu anaanza shule.

Mosi hakutazama nyuma. Aliona kwamba akiacha kugonga, binti yule ataanguka. Aliendelea, kujaa na kufifia, mpaka honi ilipolia mgongoni mwake kwa kishindo cha kupasua masikio, na mikono ya Mwanvita ikamkamata kwa fundo la kanga na kumng'oa relini. Wakabiringika wote wawili chini ya tuta mpaka kwenye mpunga.

Injini ikapita juu yao, kichwa kitupu bila behewa hata moja, breki zimekazwa, magurudumu yanatoa cheche na harufu ya chuma kilichoungua. Dereva alikuwa amemwona yule mwanamke aliyepiga magoti njiani, na alikaza kila alichokuwa nacho. Lakini chuma kile kizito hakisimami kwa kutaka tu. Kiliingia darajani kikilia, kikaenda, kikaenda, kikasimama pua yake ikiwa imeshapita kile kibaraza.

Wanawake wawili walipanda tena juu. Hawakuona kitu. Injini ilikuwa imejaza daraja lote, upande hata upande, imeziba kibaraza na kila kilichokuwa juu yake. Chini, kwenye maji, kiatu kidogo cheusi cha mtoto kilipita kinaelea, kikazunguka mara moja kwenye mkondo, kikaondoka.

Mwanvita alikitambua. Alikinunua Msamvu yeye mwenyewe, siku ya kufungua shule. Hakupiga ukunga. Alikaa chini juu ya reli, taratibu, kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Kukawa na kimya, isipokuwa injini. Moja inaunguruma darajani, moja stesheni, zote zimesimama sasa, na kutoka pale walipo zilikuwa zinasikika karibu sawa. Kuyumba kulikuwa kumerudi. Kulikwenda polepole sana, kama pumzi za mgonjwa. Wuuuu. Wuuuu. Katikati ya sauti mbili hizo, mahali fulani, walikuwa watoto wao, au hawakuwapo.

Mosi alianza kutembea. Dereva alikuwa ameshuka, amejishikilia kwenye ngazi, anasema kitu, kwamba alipiga honi, mama, nilipiga honi kule kilimani, wallahi nilipiga. Alijipenyeza ubavuni mwa injini, joto la chuma linamwunguza bega, maji yanavuma chini ya mguu wake mtupu, akapita gurudumu moja, akapita la pili.

Mkono ulitokea kwanza. Ulikuwa umeshika nguzo ya kibaraza, vidole vimekuwa vyeupe. Halafu kichwa cha Sabra, hijabu imeanguka shingoni. Nyuma yake walikuwa wamesongamana wote, wamebanwa kati ya mwili wake na vyuma, na mdogo kuliko wote alikuwa amefunikwa na mkoba. Nasibu alikuwa chini kabisa, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna.

Sabra alimtazama mama yake.

"Zilikuwa mbili," akasema.

"Zilikuwa mbili, mwanangu."

Ilibidi wawatoe wadogo mmoja mmoja, na mikono ya Sabra ilipoambiwa iachie nguzo ilikataa, ikabidi Mosi aifungue kidole kwa kidole.

Jioni, watu wote wa ng'ambo walikuwa wamekaa kwenye tuta, hata wale ambao hawakuwa na mtoto darajani. Mpunga ulikuwa umetapanywa, kuku wanajilia, hakuna aliyefukuza. Mzee Mwinjuma alikuja akasimama mbele ya Mosi, kofia mkononi, na yeye ndiye mkubwa kwa umri. Akasema aliisikia ile honi. Aliisikia vizuri, na alisema ni ya yule dereva wa stesheni. Miaka yote aliyofyeka majani pale, aliona injini za msaada zinapita kwenye njia hiyohiyo kufuata treni zilizokufa, na bado siku zote alivuka bila kuinama. Alikaa chini karibu yao, akaangalia daraja.

Mwanvita alikuwa amempakata Nasibu, jitu zima la darasa la tatu, na hakuna aliyemtania. Akasema kwa sauti ndogo kwamba lile jina la Mama Bendera alilianzisha yeye.

Mosi akamwambia aliache liwe. Ila yeye mwenyewe hatapunga tena ovyo. Akiinua mkono, iwe kuna kitu.

Tangu siku ile mpaka leo, watoto wa pale wanafundishwa chupa kabla ya kufundishwa daraja. Wanapulizishwa mbili pamoja wasikie kuyumba, kisha wanaonyeshwa moja ikiimeza nyingine, na hapo ndipo wanapoambiwa wasikilize sana. Ukisikia muungurumo unayumba, usiulize nani anatengeneza nini. Hesabu ni mbili, na utafute ya pili iko wapi. Na ukisikia umenyooka ghafla, usishushe mabega. Na treni ikifa stesheni, mama unayesoma hapa, mshike mwanao siku hiyo kuliko siku zote, maana kuna kinachokuja kuifuata. Bora zaidi asivuke pale kabisa. Lakini kivuko hakijajengwa, na shule iko ng'ambo.

Injini iliyokuja iliingia stesheni, ikafungwa na mwenzake, na kabla jua halijazama kabisa zikaondoka pamoja na mabehewa yao, zikarudi kupitia daraja lilelile, mbele ya watu waliokaa kwenye tuta. Zilipita sauti zao zikiyumba, wuu, wuu, zikaingia kwenye kilima kilichokatwa, zikapinda. Sauti ikabaki hewani muda mrefu, inajaa na kufifia, mpaka haikujulikana tena kama ni injini au ni mto.

Watu wakasimama, wakakung'uta nguo, wakaanza kwenda nyumbani. Sabra akasema na wao waende, Mama, giza linaingia. Mosi akaitikia, lakini hakuinuka. Alikuwa ameshika mkono wa shati la binti yake tangu mchana, na bado alikuwa anasikiliza.